Haradali Isiyo na Jina

Sogeeni, na mwenye usingizi akalale kwao, maana mimi leo nataka jibu.

Juu mlimani, mahali pakavu ambapo umande huganda ukawa sakitu na kuunguza mboga, waliishi watu watatu. Atuganile alikuwa na jicho, Tweve alikuwa na mkono, Mahenge alikuwa na sikio. Mashine ya kusaga ya kijiji ilikuwa imelala kwa kukosa dizeli, na wanawake walishuka bondeni na mahindi kichwani.

Atuganile, mjane asiye na mtoto, aliona mche mmoja wa haradali umesimama asubuhi ya sakitu, mingine yote imeungua. Akatunza mbegu zake. Kila msimu alipanda tena, akabakiza za miche iliyostahimili baridi tu.

Tweve akazipeleka kwenye changarawe, akazinyima maji. Mche ulionyauka aliung'oa bila huruma. Watu walimcheka, eti analima mawe.

Mahenge, fundi, akakamua mafuta ya haradali hiyo, akayachuja, akayapasha moto, akayatia kwenye mashine badala ya dizeli, akaisikiliza injini ikikohoa mpaka akajua inataka nini.

Wakaapa kwamba mbegu haitatoka kijijini kabla mashine haijazunguka. Na kwetu, mbegu mpya huitwa kwa jina la mwenyewe.

Siku ya kujaribu, mafuta hayakutosha. Mahenge akaingia ghalani kwa Atuganile, hakuomba wala hakusema, akakamua hadi mbegu ya kupanda. Mashine ikanguruma, vigelegele vikapigwa, Atuganile naye akacheza, maskini, hajui. Mvua ilipokaribia akafungua ghala, akakuta gunia tupu. Alikaa chini akalia.

Hapo ndipo Tweve alipokiri kwamba zamani aliwapa wakwe zake ng'ambo ya bonde kopo moja la mbegu, kwa siri, nao wamevuna. Loo, kumbe kiapo kilikwisha vunjwa kitambo!

Mbegu ikarudi, mkutano ukaitwa kuipa jina. Mahenge akasema bila yeye haradali ingekuwa magugu tu. Tweve akasema bila yeye isingebaki hata punje. Atuganile alisimama mwisho.

"Kaka zangu, niliwaamini kama ndugu wa tumbo moja. Nyie mna watoto wa kubeba majina yenu. Mimi nilikuwa na hii."

Mkutano ukavunjika, na mpaka leo mbegu hiyo haina jina. Haya, wewe unayetikisa kichwa: mwaminifu alibaki na gunia tupu, na mvunja kiapo ndiye aliyeiokoa mbegu. Je, wewe ungeiita kwa jina la nani?