Mwenye Kiolezo Haogopi Mkasi

Mwenye kiolezo haogopi mkasi. Mmemsikia Mama Pendo wa duka la dawa akimjibu hivyo yule afisa aliyekuja kumtisha asubuhi, na nyote mkacheka. Nimewauliza mnacheka nini, mkasema mnapenda mlio wake. Methali si debe, wanangu, ipendwe kwa mlio. Sogeeni basi niwaambie ilikotoka, maana hii hatukuachiwa na mababu. Imezaliwa hapa hapa Tabora, mtaa wa Ng'ambo, na baadhi ya walioizaa mnawaamkia kila siku bila kuwajua. Chanzo chake ni hiki.

Palikuwa na chumba cha ushonaji cha Bi Zuwena binti Kapama. Walishona humo wanawake kumi na mmoja, na mwanamume alikuwa mmoja tu, Mzee Kifunta, mkata vitambaa. Bi Zuwena alikuwa na sheria ambayo hata mgeni aliijua kabla hajakaa: nguo ya mtu haifumuliwi mpaka ichorwe. Ukiletewa gauni la kupunguza, unalitandaza juu ya karatasi ngumu, unalizungushia chaki, unaikata karatasi hiyo, unaandika jina la mwenyewe na kuitundika msumarini. Hicho ndicho kiolezo. Baada ya hapo ndipo unaruhusiwa kugusa mkasi.

Sheria hiyo aliipata kwa machungu. Alipokuwa msichana, mjane mmoja alimletea koti la marehemu mumewe alipunguze limfae mtoto. Akalifumua papo hapo, akakosea mabega, na njia ya kurudi haikuwapo. Mjane hakumgombeza. Alikusanya vipande vyake, akavifunga kwenye kanga, akaenda zake. Bi Zuwena alisema mpaka uzeeni kwamba afadhali angetukanwa.

Zama zikageuka, violezo vikaingia kwenye kompyuta. Chumba cha nyuma kikawekwa seva, kasha jeusi lisilozidi kreti ya soda, likikaa juu ya rafu na kunguruma kutwa. Ndani yake vilitunzwa vipimo vya kila mteja, na kutoka humo vilikwenda kwenye printa ndefu iliyochapa violezo vya kukatia. Aliyepewa kulitazama kasha hilo ni Nyamizi, mshonaji wa hapo hapo, mama wa watoto wawili, aliyesoma kompyuta miezi minane akarudi. Wenzake walimtania kwamba amekimbia cherehani. Lakini kila Ijumaa saa nne alichukua diski ndogo, ukubwa wa kipande cha sabuni, akaiunganisha na seva, akanakili kila kitu, akachomoa waya, akaitia diski kwenye kifuko cha kitambaa na kukitundika msumarini katikati ya violezo vya karatasi.

"Mwanangu," Mzee Kifunta alimwambia siku moja, "kasha lenyewe halijamaliza hata miaka mitatu, nawe umeshalishonea sanda?"

"Sheria ni ya Bi Zuwena, mzee. Mimi nafuata."

Chumba kile kililishwa na kazi moja kubwa kila mwaka: sare za shule ya bweni ya wasichana. Mwaka huo zilikuwa magauni mia mbili na kumi. Kamati ya shule ilikuwa imeanza maneno. Wapo waliotaka sare za kiwandani zinazokuja kwa saizi tatu, ndogo, ya kati na kubwa, atakayebanwa abanwe. Mkuu wa shule aliwatetea akina Bi Zuwena, kwani palikuwa na wasichana ambao miili yao haikuingia katika saizi yoyote, mmoja wao akiwa na mgongo uliopinda, ambaye gauni la Bi Zuwena peke yake ndilo lililomkaa vizuri. Lakini alionya waziwazi: shule ikifunguliwa Jumatatu na sare hazipo, hataweza kuwatetea tena. Na wasichana walikuwa likizo, wametawanyika mikoa mitatu. Hakuna ambaye angeweza kuwapima upya.

Kitambaa kilifika Jumatano, zikiwa zimebaki siku kumi na mbili shule ifunguliwe. Alhamisi asubuhi Mzee Kifunta akawasha kompyuta ya chumba cha kukatia ili achape violezo vya kwanza. Kwenye kioo pakatokea maandishi: mfumo una sasisho jipya, je, unakubali? Sasa Mzee Kifunta ni mtu wa adabu za kizamani. Mtu akibisha hodi mlangoni, huambiwa karibu, hata kama hujui anataka nini. Akabofya Kubali. Akaona mshale unazunguka, akaenda kunywa chai.

Aliporudi, seva ilikuwa imenyamaza. Ikawaka, ikazima, ikawaka tena, ikazima tena. Nyamizi alifika akaisikiliza kama mama anavyosikiliza kifua cha mtoto. Alijaribu kuiwasha kwa njia tatu alizofundishwa. Kila mara iliishia pale pale.

"Ni mimi," alisema Mzee Kifunta. Kofia alikuwa ameivua, ameishika mkononi. "Ilibisha hodi, nikasema karibu."

"Ingembishia mwingine angeifungulia vilevile, mzee. Kosa ni la aliyeituma."

Wakapiga simu kwa kampuni iliyowauzia mfumo. Saa saba mchana akaja wakala wake wa mkoa, Bwana Tesha, kijana nadhifu mwenye begi la ngozi. Akamwamkia Bi Zuwena shikamoo, akaitikiwa marahaba, akaingia chumba cha nyuma. Aliitazama seva kwa dakika tano, hazikuzidi. Halafu akafungua begi akatoa karatasi.

"Sasisho limegongana na mashine yenu," alisema. "Limetokea sehemu nyingi leo. Dawa yake ni moja. Tunafuta kila kitu, tunaweka mfumo upya. Sahihi hapa chini, mama."

Bi Zuwena hakuikamata kalamu. "Kila kitu ni kipi?"

"Vyote vilivyomo. Vipimo vimeshaharibika, mama, hata nisipovifuta havitarudi. Na karatasi hii inasema kwamba mmekubali wenyewe, kampuni isije ikalaumiwa. Kuanzia sasa vipimo vyenu vitakaa kwetu makao makuu, hamtapata taabu hii tena."

Wanawake walikuwa wameacha cherehani, wamejaa mlangoni. Mmoja alianza kulia kimyakimya, maana karo ya mwanawe ilitoka kwenye sare zile. Bwana Tesha akavuta kiti, akaweka vidole juu ya kibodi. Hapo Nyamizi akapita mbele yake, akanyoosha mkono nyuma ya kasha, akachomoa waya wa umeme. Kioo kikawa cheusi.

"Dada, unafanya nini?"

"Naondoa nguo mbele ya mkasi."

"Nimekwambia vimeshaharibika."

"Umesema. Umefungua ukaangalia, au umesema?"

Bwana Tesha akakohoa. "Hayo ndiyo maelekezo tuliyotumiwa."

"Basi maelekezo yako hayajawahi kushona. Humu chumbani hatufumui nguo ambayo hatujaichora, hata ikiwa imechanika. Iliyochanika ndiyo tunaichora kwa makini zaidi."

"Shule inafunguliwa lini?" Bwana Tesha alimgeukia Bi Zuwena, kana kwamba Nyamizi ni mtoto anayeropoka. "Mama, huyu atawapotezea siku. Mimi nikiondoka hapa bila sahihi, sirudi mpaka wiki ijayo. Mtakuja kuniomba. Hamuogopi?"

Kweli, Bi Zuwena aliogopa. Alimtazama Nyamizi, na Nyamizi akatembea mpaka ukutani, akakitungua kile kifuko cha kitambaa msumarini na kukiweka kwenye kiganja cha mwanamke yule mzee. Kisha akamgeukia wakala, na sauti yake haikupanda hata kidogo.

"Bwana Tesha, mwenye kiolezo haogopi mkasi. Nenda na karatasi yako."

Bi Zuwena akafumba kiganja. "Umemsikia mwanangu," alisema. "Mlango ni ule uliopitia."

Msidhani kwamba kazi iliishia kwenye maneno, maana maneno hayajawahi kuchapa kiolezo. Nyamizi aliifungua seva, akaitoa diski yake ya ndani ile iliyougua, akaifunga kwenye kitambaa na kuandika juu yake kwa chaki: ISIGUSWE. Mahali pake akaweka diski tupu aliyonunua kwa muuza kompyuta wa sokoni. Akaweka juu yake toleo la zamani la mfumo, lile lililokuwa likifanya kazi Jumatano, na akaitenga seva na mtandao ili sasisho lisije likabisha hodi tena. Halafu akairudishia vipimo vya Ijumaa iliyotangulia kutoka kwenye kipande chake cha sabuni. Ijumaa adhuhuri printa ndefu ilitoa sauti, ikatoa kiolezo cha kwanza, na Mzee Kifunta akakipokea kwa mikono miwili.

Lakini kilio hakikuwa kimekwisha. Siku tatu kabla ya balaa, Jumatatu mpaka Jumatano, wasichana wapya sitini na wanne walikuwa wamekuja na wazazi wao kuchukua fomu, wakapimwa. Vipimo vyao viliingia kwenye seva baada ya nakala ya Ijumaa iliyotangulia. Vilikuwa kwenye ile diski iliyougua tu, ile ambayo Bwana Tesha alitaka kuifuta.

Nyamizi akaiunganisha na kompyuta nyingine, kwa namna ya kuisoma tu, bila kuandika chochote juu yake. Akawa anatoa jina moja moja. Mfumo ulikuwa umekufa, lakini vipimo vilikuwa vimelala chini yake vizima, kama mahindi chini ya ghala lililoanguka. Wanawake walishona huku wakimsikia akiyataja majina kwa sauti, na kila jina waliitikia "amefika." Kufikia Jumamosi saa kumi jioni walikuwa wamefika hamsini na watano. Tisa hawakufika. Mafaili yao yalikuwa yakiandikwa upya wakati seva inazimika, yakabaki vipandevipande.

Hapo hawakumngojea mtu. Waligawana namba za simu za wazazi. Wakawaelekeza akina mama wanane kupima kwa uzi wa kushonea, kifuani, kiunoni na begani mpaka magotini, kisha waulaze uzi kwenye rula ya mtoto wa shule. Wa tisa alikuwa anaishi na bibi yake Sikonge, na bibi hakutaka habari za rula. Alilitia gauni bora la mjukuu wake kwenye mfuko wa rambo, akalikabidhi kwa kondakta wa basi pamoja na ujumbe: hili linamkaa, lakini amerefuka kidogo tangu Pasaka. Likatandazwa juu ya karatasi ngumu, likazungushiwa chaki, likarudishwa Sikonge bila hata uzi mmoja kufumuliwa.

Magauni mia mbili na kumi yalifika shuleni Jumamosi ya pili, yamekunjwa, kila moja na jina lake. Msichana mwenye mgongo uliopinda alivaa la kwake Jumatatu, akajigeuza mbele ya kioo cha bweni mara mbili. Kamati haikuongea tena habari za saizi tatu.

Bwana Tesha alikuwa amerudi wiki iliyofuata ile Alhamisi, kama alivyosema. Hakuja na karatasi. Kampuni yake ilikuwa imetuma sasisho la kurekebisha sasisho, na alikuwa amepita kwa mwenye kiwanda cha mbao na kwa mwenye maabara ya miwani, waliotia sahihi Alhamisi ile ile. Wote wawili walikuwa wakiomba vitu vyao, na vitu vyao havikuwapo popote. Alikaa kwenye benchi la wateja, akamwomba Nyamizi amwonyeshe alivyofanya. Nyamizi akamwonyesha. Hakumcheka, ingawa wanawake kumi walisubiri kwa hamu aanze.

Aliyeyatoa maneno yale nje ni Mzee Kifunta. Aliyasimulia kwenye baraza la kahawa mpaka wauza kahawa wakayashika, yakaenda sokoni, yakaenda kwa madereva wa malori, na leo Mama Pendo anayo mdomoni mwake. Yeye mwenyewe mzee alijirekebisha kidogo. Kompyuta ikimuuliza kama anakubali, huiambia, "Subiri hapo nje, mwenyeji hayupo," kisha humwita Nyamizi.

Na hili la mwisho ndilo nililotaka mlisikie kabla hamjacheka tena. Siku ya kupokea sare, mkuu wa shule alimvuta Nyamizi pembeni akamuuliza, "Mwanangu, ulipochomoa ule waya mbele ya mtu wa kampuni na begi lake, hukuogopa hata kidogo?"

"Niliogopa, mwalimu," alijibu Nyamizi. "Lakini mimi huogopa Ijumaa, saa nne, nikiwa na diski mkononi. Alhamisi ile ilinikuta nimeshamaliza."

Haya, tazameni ukutani kwenu mna nini msumarini, halafu ndipo mseme kwa sauti mnayoitaka: mwenye kiolezo haogopi mkasi.