Fisi na Ukuta wa Kupapasa

Zamani hizo, wanyama walipokuwa bado na adabu ya kusalimiana kabla ya kulana, jua liliingia katika bonde moja likakataa kutoka. Mto ukageuka njia ya mchanga. Visima vikakauka kimoja baada ya kingine, ikabaki chemchemi moja tu, nayo ilikuwa uani kwa Mfalme Simba. Simba alikuwa na majivuno tangu tumboni mwa mamaye. Akapiga marufuku mtu kunywa pale bila idhini yake, na idhini yenyewe aliitoa kwa kipimo kama dawa: kata moja ya maji kwa kila nyumba, kila asubuhi.

Kata moja haikumtosha Fisi. Lakini Fisi naye, kitu gani kimewahi kumtosha? Maji yake aliyamaliza njiani kabla hajafika kwake, kisha akashinda kutwa ulimi nje, akizitamani kata za majirani.

Katika taabu hiyo Malkia akajifungua watoto watatu. Watoto wa simba huzaliwa macho yamefumba, na hawa giza lao hawakulipenda hata kidogo. Walilia alfajiri, wakalia adhuhuri, wakalia jioni. Malkia hakupata usingizi. Simba naye hakupata heshima, maana hata alipounguruma, kilio cha wanawe kiliimeza sauti yake.

"Baba watoto," Malkia akasema siku ya nne, macho mekundu, "kule chini Mwalimu Sungura anashinda na watoto arobaini wa wanyama, mama zao wakienda kutafuta malisho. Mbona hatusikii hata mmoja akilia?"

Simba akamtuma Kanga akachungulie. Kanga akarudi mbio.

"Mfalme, Sungura anawachanganyia watoto rangi nzito, wanaipaka kwenye magome kwa vidole. Moja ina mchanga, inakwaruza. Moja ina pumba, ina vijipele vijipele. Nyingine ina mlenda, ukiigusa inakukimbia. Watoto wanapapasa na kucheka, njaa wameisahau."

"Hicho ndicho wanangu wanachotaka!" Malkia akasema. "Macho bado hawana, lakini mikono wanayo. Wapakiwe ukuta wa kupapasa humu pangoni. Ila hawa huramba kila wanachokishika, kwa hiyo kila kitakachotiwa kiwe cha kulika. Tutatoa ghalani: unga wa mtama, ufuta, mafuta ya karanga na asali."

Nje ya pango, nyuma ya jiwe, Fisi alikuwa amelala akingoja mfupa utupwe. Aliposikia "unga" alifumbua jicho moja. Aliposikia "ufuta" alifumbua la pili. Aliposikia "asali" alikuwa ameshasimama, udenda unamtoka.

Kesho yake Simba akawakusanya wanyama wote. "Atakayepaka ukuta ukawanyamazisha wanangu," alitangaza, "yeye na wa kwake watakunywa kwenye chemchemi yangu bila kipimo mpaka mvua irudi."

Sungura akainua mkono. Wa kwake Sungura walikuwa watoto arobaini, midomo imewapasuka kwa kiu, na wote walikuwa wamekaa nyuma yake kimya wakimwombea. Fisi, wa kwake alikuwa tumbo lake. Akaruka mbele.

"Mfalme, uliye mkubwa kuliko kivuli chako! Hivi kazi ya ikulu apewe mtu anayecheza na matope? Mimi ni fundi. Nitapaka ukuta wenye sura yako: nywele zako, kifua chako, na hiyo pua yako tukufu."

"Watoto wenyewe hawaoni," Sungura alisema taratibu. "Sura watafanyia nini?"

Lakini Simba alikuwa ameshasikia neno "pua", na mengine yote yalipita. "Kazi apewe Fisi," akasema. "Siku tatu."

Sasa Fisi alikuwa amepata kazi asiyoijua. Rangi hajawahi kuchanganya, labda ile ya damu na vumbi anapokula. Mchana huo akajipeleka darasani kwa Sungura, akijifanya amepita tu kusalimia.

"Karibu, ndugu yangu," Sungura alisema. Alikuwa amekasirika, na haki yake, lakini aliwafikiria wale wachanga watatu kwenye giza lao. "Kaa na wenzako. Nitakufundisha yote, uwapakie vizuri."

Fisi akabanwa katikati ya Ngedere na Pimbi, magoti yamefika masikioni. Mbele yao palikuwa na vigae vya rangi. Sungura akaanza kueleza jinsi ya kukoroga, kipi kitangulie na kipi kifuate, unavyojua kama rangi imeshika. Fisi akanusa kigae cha pumba. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akapitisha ulimi.

"Mwalimu!" Ngedere akapiga kelele. "Fisi ameramba rangi!"

"Sijaramba, nimeinusa kwa karibu."

"Mwalimu, amemaliza na ya kwangu!" Pimbi akaanza kulia.

Sungura akamtazama mwanafunzi wake mpya, ndevu zimejaa pumba, akavuta pumzi. "Bwana Fisi, shika moja tu: asiyeona hujua kwa mkono. Usimdharau."

"Nimeelewa, mwalimu, nimeelewa," Fisi akasema, akinyakua kigae cha tatu. Hakuwa amesikia neno.

Asubuhi yake vyakula vikaletwa pangoni: gunia la unga, kapu la ufuta, kibuyu cha mafuta na mtungi wa asali. Malkia na watoto wakahamia pango dogo la pembeni. Fisi akatundika mkeka mlangoni na kusema fundi mkubwa hatazamwi akiwa kazini. Kisha akabaki yeye na mtungi.

Nionje kidogo, alijiambia. Fundi asiyeonja atajuaje kama rangi imekolea? Akaonja. Imekolea, lakini upande wa chini je? Akaonja wa chini. Jua lilipotua mtungi ulikuwa ukilia mtupu kama ngoma, na Fisi akafikiria ule ufuta uliobaki peke yake. Ufuta bila asali si kuuonea huo? Akauhurumia, akaupeleka ulikokwenda mwenzake. Siku ya pili akala unga. Siku ya tatu akanywa mafuta, akateleza, akaanguka chali, na pale chini ndipo alipouona ukuta. Ulikuwa mtupu vilevile.

Hofu ikamshika, hofu ya kweli. Pembeni watoto walikuwa wanalia, na baba yao alikuwa akizungukazunguka kwa hatua nzito. Lakini Fisi ni Fisi. Akili yake yote iko karibu na tumbo, na tumbo lilipokuwa limeshiba lilimpa shauri. Wale macho yamefumba! Watajuaje kama ni asali au ni kitu kingine? Anayeona ni Simba, na Simba anataka pua.

Akatoka kinyemela, akachanja mkuyu, akachemsha utomvu wake ukawa ulimbo, ule ule wanaotegea ndege. Akautia majivu uwe mzito, akautia masizi uwe mweusi, akapaka ukuta mzima sura ya Simba. Hakupunja. Asubuhi, kwa baridi ya pango, ulimbo ulikuwa mkavu na mgumu, na Fisi aliugonga kwa ukucha akaridhika.

Kosa lake ni kwamba pango lile lilitazama magharibi. Simba alipowaita watu kuja kushuhudia, ilikuwa alasiri, na jua lilikuwa limeshapenya pembeni mwa mkeka na kukaa ukutani muda mrefu.

Mkeka ukatolewa. Picha ilifanana zaidi na kichaka cha mbigili, lakini Simba alisimama mbele yake akiwa amelegea kwa furaha. "Nywele ndizo," akasema. "Pua ningeiongeza kidogo, lakini ndiyo."

Sungura alikuwa amekuja na watoto wake arobaini. Hakutazama pua wala nywele. Alikuwa akimtazama inzi mmoja aliyetua kwenye sharubu za picha. Inzi alipiga mabawa, akapumzika, akapiga tena, na hakuondoka pale alipo. Fisi aliona pua ya Sungura ikicheza, hakujua ni kwa nini, na hakupenda.

Malkia akambeba mwanawe wa kwanza, akamsogeza ukutani.

"Malkia, subiri kidogo," Sungura akasema kwa heshima. "Kwetu darasani tuna desturi. Aliyepaka ndiye hutangulia kuikumbatia kazi yake, macho amefumba, mikono wazi, shavu ukutani. Akitabasamu, wengine hushika. Si ndivyo, wanangu?"

Watoto arobaini walikuwa wakiisikia desturi hiyo kwa mara ya kwanza, lakini mwalimu wao walimjua. "Ndivyo, mwalimu!" wakaitikia kwa pamoja.

Fisi hakuikumbuka. Lakini siku ile darasani alikuwa na shughuli ya kuramba, na huenda ilitajwa. Akisema haijui, si atakuwa amekiri kwamba ufundi wenyewe haujui? Na ukuta aliugonga asubuhi, ulikuwa mkavu. Akajikohoza, akafumba macho, akatandaza mikono na kujibwaga ukutani mwili mzima, shavu kwa shavu na Mfalme wa masizi.

"Tabasamu," Pimbi akamwambia.

Fisi akatabasamu nusu. Nusu ya pili ilikuwa imeshikwa.

"Vizuri," Simba akasema. "Sasa ondoka, wanangu waguse."

"Mfalme, bado naifurahia."

"Ondoka, nimesema."

"Ukuta wenyewe mtamu, Mfalme. Roho inakataa kuuacha."

Simba akamshika mkia akavuta. Fisi akapiga yowe, mkia ukanyooka, lakini mwili haukutoka. Malkia akasogea akanusa ukuta. Akanusa tena.

"Haya ni majivu," akasema. "Na huu ni ulimbo. Ulitaka wanangu wanase kama ndege? Asali yangu iko wapi?"

Kabla Fisi hajabuni uongo, tumbo lake, lililokuwa limebeba mtungi mzima, likajibu kwa sauti. Pango zima likasikia.

"Na ufuta?"

"Huo hapo, Malkia," Ngedere akanyoosha kidole. "Umemjaa menoni."

Simba akakunja uso. Kudanganywa kulimuuma, lakini kuona Fisi amelibandika tumbo lake juu ya ile pua tukufu kulimuuma zaidi. Akainua mkono wenye kucha, na Fisi, ambaye kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuwa na hamu ya kitu chochote, akafumba macho akingoja.

Wakati huo mtoto wa kwanza aliponyoka mikononi mwa mamaye. Akatambaa, akapapasa, akaushika mkia wa Fisi. Akauminya. Mwisho wake una kishungi. Akaacha kulia. Wa pili akapapasa mgongo: huku nywele ngumu zinakwaruza, kule ubavuni laini teketeke. Akanyamaza. Wa tatu akapanda juu ya wenzake, akalipata sikio, la mviringo, lina ubaridi. Akalitia mdomoni akanyonya.

Kimya kikaingia pangoni. Kimya ambacho hakijasikika tangu wazaliwe. Simba alibaki ameinua mkono hewani, akaogopa hata kuushusha.

"Baba watoto," Malkia akanong'ona, machozi ya faraja yakimtoka, "mwache hapo hapo."

"Mfalme nakuomba..." Fisi akaanza.

"Shhh!" wakamwambia wote.

Hukumu ikatolewa kwa kunong'ona. Fisi atakaa ukutani, mkeka ukifunika ulimbo uliobaki wazi, mpaka macho ya watoto yafumbuke, halafu ndipo abanduliwe. Chemchemi wapewe Sungura na watoto wake arobaini, maana ndiye aliyewaokoa wachanga wasinase, na ukuta wa kweli ataupaka yeye. Watoto hawakungoja mwisho wa hotuba. Walikimbilia uani wakajitupa chini kwa matumbo, wakanywa mpaka wakashikwa na kwikwi, na Sungura, ambaye hakuwa na kawaida ya kulia, akajifanya ameingiwa na vumbi jichoni.

Fisi alikaa ukutani siku tano. Akavutwa masharubu. Akatafunwa masikio. Akatiwa vidole puani na mtoto aliyetaka kujua njia ile inaishia wapi. Siku ya sita macho yakafumbuka. Yule wa kwanza akainua kichwa ili amwone rafiki aliyempapasa siku zote hizo, akauona uso wa Fisi kwa ukaribu, akaangua kilio kikubwa kuliko vyote vya mwanzo.

Wakambandua siku hiyo hiyo, kwa kucha za Simba mwenyewe, bila maji ya moto na bila pole. Nusu ya manyoya yake ilibaki ukutani. Yaliyoota baadaye hayakuota rangi moja, ndiyo maana mpaka leo Fisi ana madoadoa, na ukimwita fundi huondoka bila kukuaga.

Mla mbuzi hulipa ng'ombe.