Ndovu na Miche ya Chini ya Mti Mama

Hapo kale, wakati ardhi ilikuwa bado haijapewa majina, wanyama waliishi pamoja bondeni, kila mmoja na nyumba yake na mlo wake. Sikilizeni vizuri, wajukuu, maana nawasimulia kama nilivyosimuliwa.

Bonde hilo lilikuwa na mimea ya kila namna. Kanga alikula mbegu za nyasi. Digidigi alichuma majani ya vichaka. Fuko, aliye mdogo, asiyeona, anayetembea chini ya ardhi, aliwalisha watoto wake viazi pori. Naye Ndovu, mkubwa wa bonde, alipenda ng'ongo, tunda la mti wa mng'ongo.

Mng'ongo wenyewe ulikuwa mmoja tu, mzee na mnene. Matunda yakiiva yalianguka, pu, pu, na Ndovu akala mpaka akasinzia amesimama.

Siku moja Ndovu akawakusanya wote, akatangaza kwamba mimea mingine ing'olewe na bonde zima lipandwe ming'ongo. Kanga akauliza watoto wake watakula nini. Ndovu akamwambia watajifunza kula ng'ongo, kama waungwana.

Fuko alijua kwamba viazi viking'olewa, wanawe hawamalizi mwezi. Akatoa pua shimoni.

"Mzee Ndovu, amri yako ni amri," akasema. "Ila tujaribu kwanza. Panda kokwa kumi za ng'ongo, nami nipande kumi. Mvua zikiisha, miche yako ikiwa mingi kuliko yangu, nitaikata mizizi yote ya bonde hili kwa meno yangu mwenyewe. Ikiwa michache, mimea ibaki."

Ndovu akakubali huku masikio yakipiga pwa, pwa.

"Nakuomba jambo moja tu," Fuko akaongeza kwa unyonge. "Niachie mimi pale chini ya mti mama. Wewe una nguvu, utapanda popote."

"We kipofu, ujanja wako nimeuona," Ndovu akamjibu. "Mtoto hunenepa wapi kama si ubavuni kwa mamaye? Pale ni pangu. Wewe nenda mteremkoni, kwenye magugu yako."

Fuko akainamisha kichwa kama aliyeonewa, akaenda.

Mvua zikanyesha. Kokwa za Ndovu zikachipua zote kumi, naye akamtuma Kanga kumpelekea Fuko pole. Kanga alipokuwa bado njiani, mche wa kwanza ukalegea shingo. Kesho yake ikalala miwili. Ndovu akaimwagia maji kwa mkonga, akaisimamia kama muuguzi, haikusaidia. Mvua zilipokoma haukubaki hata mmoja. Na ajabu ni hii: palepale ilipofia miche, viazi pori na nyasi vilikuwa vimesimama vibichi kabisa.

Kule mteremkoni, katikati ya magugu, miche saba ya Fuko ilikuwa hai.

"Umeniroga," Ndovu akamwambia Fuko, wanyama wote wakiwa wamekusanyika chini ya mti mama.

"Sikukuroga, mzee. Niliomba mahali nisipopataka, nawe ukaninyang'anya. Sasa shusha mkonga wako mpaka udongoni, uvute harufu."

Ndovu akavuta. Harufu ikampanda, nzito, ya kitu kinachooza na kitu kinachozaliwa. Fuko akamweleza kwamba humo wanaishi wakazi wadogo mno, ambao ncha ya unywele wa mkia kwao ni uwanja.

"Waliouzunguka mti mama wameionja mizizi ya mng'ongo miaka mingi, wakazaana," akasema. "Mti mzee huwahimili, mche mchanga hauwezi. Lakini kiazi hawakijui, nao hukiacha kiote. Hao ndio wanaoupa mmea mgeni nafasi. Ukijaza bonde ming'ongo mitupu, utakuwa umewaandalia karamu bonde zima, na ng'ongo utazikosa."

Ndovu akaukunja mkonga wake. Kisha akauliza, sauti ikiwa imeshuka, kama ni wengi.

"Chini ya unyayo wako mmoja," Fuko akasema, "ni wengi kuliko wanyama wote wa bonde hili, na mama zetu, na mama za mama zetu."

Ndovu akaunyanyua mguu. Akakaa nao hewani muda mrefu, akitafuta pa kuukanyaga, asipate. Kanga, aliyezoea kucheka, hakucheka. Hatimaye Ndovu akaushusha taratibu, kama anayeweka yai, akasema bonde libaki lilivyo.

Hadithi yangu inakomea hapo, na neno lake ni hili: usiyemwona usimdharau, huenda ndiye agawaye nafasi.