Mwalimu Singano na Kiongozi wa Nyuma

Anayejua njia hukaa nyuma.

Mmemsikia Babu Hozza akiyasema maneno hayo asubuhi, mlipokuwa mnagombania nani atangulie kwenye msafara wa kumpeleka bibi harusi, mkaangua kicheko. Mzee kachanganyikiwa, mkasema. Anayejua njia si ndiye anayetangulia? Sasa mmekuja kwangu kuuliza. Haya, kaeni, lakini mtu asinikate katikati. Hii si methali ya enzi za mababu. Waliotuletea niliwajua kwa sura na kwa sauti, maana mmoja ni dada yangu tumbo moja. Na haikuzaliwa hapa Tanga. Ilizaliwa Austria, ugenini kabisa, kwenye safari ya baiskeli.

Dada yangu Mwantumu aliolewa na Mwalimu Singano, yule aliyekuwa mwalimu mkuu. Mtu wa mbele yule. Wanafunzi wakienda shamba la shule, yeye mbele. Mazikoni, yeye mbele. Akitoka na mkewe, yeye mbele na mkewe hatua chache nyuma, kama walivyotembea watu wa rika lao. Na kwenye baiskeli ndiyo usiseme. Tanga wake kwa waume tunaendesha baiskeli, hilo mnalijua, lakini Mwalimu aliendesha kama aliyeibuni yeye.

Binti yao Zawena alikuwa muuguzi kule Vienna. Baba alipostaafu, akawaita wote wawili, akawapa zawadi ya mapumziko: waendeshe baiskeli siku kadhaa kando ya Mto Danubi, wakiwa na wageni wengine wachache na kiongozi wa kuwaonyesha njia. Mabegi yangebebwa na gari, wao wapande baiskeli tu na kuburudisha macho. Mwalimu alifurahi mpaka akasahau kulala.

Kulikuwa na jambo moja. Mwalimu alikuwa na kisukari, na alikuwa anajichoma sindano kila siku. Usiku wa kuamkia safari akamkalisha mkewe kitandani.

"Mama Zawena, huko usimwambie mtu kuhusu maradhi yangu."

"Hata kiongozi?"

"Hasa yeye. Akijua tu, atanipakia kwenye gari pamoja na mabegi. Mimi, Singano! Niahidi."

Mwantumu akaahidi. Ahadi yenyewe ikamkaa kooni kama mwiba wa samaki, kwa sababu ni yeye aliyejua sukari ya mumewe ikishuka inakuwaje. Mwenyewe Mwalimu hakuwahi kujua. Alikuwa anaambiwa tu, baadaye.

Kiongozi alikuwa kijana mrefu, jina lake Valentin, mpole, mwenye masikio mekundu kwa baridi. Wote walielewana kwa Kiingereza. Asubuhi ya kwanza akawaonyesha njia kwenye ramani, akasema, "Fuateni vibao vya kijani. Mkifika njia panda, simameni mpaka nifike." Kisha akawapisha wote, akapanda baiskeli yake, akawa wa mwisho.

Mwalimu akageuka mara tatu kumtazama. "Hii nini tena? Kiongozi gani anakaa nyuma? Kundi lisilo na mtu mbele ni mbuzi hao!" Na kwa kuwa hakuweza kuvumilia kuona nafasi ya mbele iko wazi, akaichukua. "Twendeni, jamani!" akaita, kwa sauti ileile ya gwaride. Wale wageni wakacheka, wakamfuata. Basi, akawa amepata shule nyingine.

Nchi yenyewe, Mwantumu alisema, ni ya kumfanya mtu asimame kila baada ya kilima. Mto mpana unaokwenda bila haraka, mizabibu iliyopandwa kwa ngazi mpaka juu milimani, na watu wazima wanaolima bustani za maua tu, si mchicha wala bamia. Alitaka kuuliza kila kitu. Mbona ng'ombe wamevishwa kengele? Mbona msalaba umesimama peke yake shambani, na nani huuwekea maua? Lakini lililomkereketa zaidi lilikuwa lile la Valentin. Jioni ya pili akapunguza mwendo mpaka wakawa sambamba.

"Mwanangu, nisamehe mimi mshamba. Kwa nini wewe unakaa nyuma?"

Valentin akafikiri kidogo. "Mama, nikiwa mbele naiona barabara, na barabara naijua tayari. Nikiwa nyuma nawaona nyinyi, na nyinyi siwajui."

Akamwonyesha kwa kidole. Yule bibi wa kofia nyekundu anaegemea kushoto, mgongo unamuuma lakini hasemi. Yule bwana mnene anabadilisha gia akiwa amechelewa, mlima wa kesho utamtesa. "Na mume wako," akasema, "kila inapokaribia saa ya chakula, gurudumu lake linayumba kidogo. Sijui ni kwa nini."

Mwantumu akageuza uso barabarani. Alijua ni kwa nini. Alikuwa ameyaona hayohayo, na zaidi: shingo ya mumewe inalowa jasho hata kukiwa na baridi, na sauti inaanza kuwa kali. Miaka yote ya kutembea nyuma yake alikuwa akiisoma shingo ile kama mtu asomavyo mawingu kabla ya kuanika mpunga. Akafungua mdomo amwambie kijana. Akakumbuka ahadi. Akaufunga.

"Labda ni uzee," akasema, na akaona haya kwa kusema hivyo.

Asubuhi iliyofuata ilikuwa na ukungu mzito kutoka mtoni. Mezani Mwalimu alikuwa ameshajichoma sindano yake, akala kipande kidogo cha mkate. Mwantumu akamsogezea kingine. Valentin, aliyekuwa akipita na kikombe chake, akasema kwa nia njema, "Kula mzee, leo kuna mlima." Watu wa meza ya pili wakageuka.

Lo! Mwalimu akakunja uso. "Umeshanitangaza?" akamnong'oneza mkewe kwa Kiswahili.

"Wallahi sijasema neno."

"Basi wananilisha kama kifaranga kwa nini?" Akasukuma sahani, akatoka, akapanda baiskeli yake. Hakuwasubiri wengine. Mwantumu alipofika mlangoni, ukungu ulikuwa umeshammeza.

Akarudi chumbani kuchukua tende za dharura, na alipotoka wageni walishaondoka, akakanyaga mpaka mapaja yakawaka. Kwenye njia panda ya kwanza akawakuta wale wageni wamesimama kama walivyoagizwa. Mwalimu hakuwapo. Njia moja ilifuata mto, nyingine ilipanda kwenye mizabibu, na ukungu ulikuwa umefunika zote mbili. Valentin akafika, akahesabu watu kwa macho, uso ukabadilika.

"Mama," akasema polepole, "kuna jambo ambalo ningepaswa kulijua?"

Hapo ndipo, watoto, dada yangu alipokwama. Mkononi ana neno alilompa mumewe, mumewe anayejivunia jina lake kuliko shati lake. Na mumewe huyo yuko kwenye ukungu, tumbo tupu, dawa iko mwilini. Aliniambia, "Hadiya, nilihofu kwamba nikisema nitakuwa nimempoteza mbele za watu. Nikaona kwamba nikinyamaza nitampoteza kweli."

"Ana kisukari," akasema. "Amejichoma sindano na hajala. Sukari yake inashuka. Ikishuka sana atazimia, na kabla ya kuzimia atakuwa mkali na hatasikia mtu. Nilimwahidi nisiseme."

Valentin hakumlaumu hata kwa jicho. Akapiga simu gari lije, akawaambia wageni wabaki pale. "Tuanze njia ipi?"

Nyumba ya karibu ilikuwa na uzio wa mbao, na ndani ya uzio ajuza mmoja alikuwa akichuma maua. Mwantumu akamkimbilia. Yule ajuza hakujua Kiingereza wala Kiswahili, Valentin naye alikuwa amerudi simuni kumwelekeza dereva. Mwantumu akaonyesha baiskeli, akaonyesha ndevu, akaonyesha kitambi. Ajuza akacheka. Kisha akafanya jambo: akaigiza mtu anayeshuka kwenye baiskeli, akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa.

Mwantumu machozi yakamtoka palepale. Nani mwingine kule angefanya hivyo? Mtu wa rika la Mwalimu, aliyelelewa hapa kwetu, hampiti mkubwa wake akiwa juu ya baiskeli. Hushuka akaamkia, ndipo apande tena. Amekasirika, sukari inashuka, yuko nchi ya watu, na bado ameshuka kumwamkia bibi wa watu shikamoo! Ajuza akanyoosha kidole juu, kwenye mizabibu.

Wakapanda. Mwantumu alipoishiwa nguvu alishuka akaisukuma baiskeli, na alipochoka kuisukuma akaitupa akakimbia kwa miguu. Wakamkuta kwenye ukingo wa shamba, amekaa chini, baiskeli iko ubavuni, amelowa jasho kama aliyenyeshewa. Alikuwa akiikemea mizabibu kama wanafunzi.

"Pangeni mstari! Wewe wa nyuma, nakuona!"

Valentin akatoa chupa ya sharubati ya matunda, akampelekea mdomoni. Mwalimu akaipiga kofi. "Nani wewe? Ondoka shuleni kwangu!" Kijana akajaribu tena, akasukumwa. Macho ya Mwalimu yalikuwa yameanza kuelea.

"Nipe mimi," akasema Mwantumu. Hakumbembeleza. Alisimama wima mbele yake, mikono nyuma, kama mwalimu wa zamu. "Mwalimu mkuu, wanafunzi wote wameshakunywa uji. Umebaki wewe tu, na hawawezi kuingia darasani kabla yako."

Mwalimu akamtazama. "Wote wamekunywa?"

"Wote."

"Basi lete." Akanywa chupa nzima.

Wakakaa naye pale chini, Valentin akimshika mgongo, Mwantumu akimfuta shingo kwa ncha ya mtandio wake na kumlisha tende moja moja. Kidogo kidogo macho yakatulia. Akaangalia mizabibu, akaangalia baiskeli, akamwangalia mkewe asiye na kiatu kimoja.

"Tumefika wapi?"

"Wewe ndiye uliyefika. Sisi tumekufuata."

Akainamisha kichwa. "Umemwambia?"

"Nimemwambia. Nikasirikie ukiwa mzima."

Gari likaja, na Valentin, kwa heshima lakini bila kutikisika, akamwambia leo hapandi baiskeli. Daktari wa mji uliofuata atamwona, kesho watajua. Basi Mwalimu Singano akapakiwa kwenye gari pamoja na mabegi, lilelile alilolikimbia. Nafasi ilikuwa ya mtu mmoja tu, basi Mwantumu akaokota kiatu na baiskeli yake akajiunga na kundi, na dereva akaenda polepole nyuma yao, kwa sababu barabara ilikuwa nyembamba.

Na huko ndani ya gari, mabegi yamemzunguka, Mwalimu akaona kitu ambacho hakuwahi kukiona maisha yake yote. Alimwona mkewe kwa nyuma. Akaona bega lake la kulia limeshuka kuliko la kushoto. Akaona kwamba kila kona anainua shingo, anatafuta mtu mbele, kisha anakumbuka na kuishusha. Kona inayofuata, anainua tena. Mbele hapakuwa na mtu. Ni mazoea tu ya shingo. Mwalimu akahesabu kona chache, halafu akashindwa kuhesabu, akamwomba dereva kitambaa cha kujifutia uso. Dereva akadhani ni vumbi.

Daktari alimpima, akamwonya, akamruhusu. Asubuhi ya pili yake Mwalimu alikula mpaka mkewe akamwambia inatosha. Nje, wageni walishapanda baiskeli, wakamngoja atangulie kama kawaida yake. Valentin akasogea mwisho wa mstari, mahali pake.

"Kijana," Mwalimu akamwita mbele ya watu wote, "sogea kidogo hapo."

"Kwa nini, mzee?"

"Umekaa mahali pa mtu. Hapo ni pa mke wangu. Kazi hiyo aliianza wewe hujazaliwa, na mimi nikadhani amechelewa."

Wageni wakamgeukia Mwantumu. Mwantumu alisema alitaka nchi immeze, kwa aibu na kwa furaha vyote kwa pamoja. Valentin akavua kofia, akampisha kama ampishavyo mtu mama yake.

"Kwenu mna msemo wa jambo kama hili?" akauliza.

"Hatukuwa nao," Mwalimu akasema, akipanda baiskeli yake. "Tulikuwa tunadhani wa mbele ndiye anayejua. Kuanzia leo tunao."

Akautamka polepole, kwa Kiswahili kwanza kisha kwa Kiingereza, na aliporudi Tanga akawa anautamka mikutanoni, misibani, na kwa kila bwana harusi aliyekaa karibu naye, mpaka watu wakasahau nani aliyeuanza. Lakini siku ile waliousikia ni wale wageni wachache, na mwanamke mmoja aliyekuwa ameshika usukani wake kwa mikono miwili, akiitazama shingo kavu ya mumewe: anayejua njia hukaa nyuma.