Wavu Tumboni mwa Atuganile

Wapendwa, huko milimani kwenye baridi aliishi mama mmoja mjane, mkulima wa viazi, jina lake Atuganile. Mtoto wake wa mwisho alizaliwa kwa upasuaji. Kidonda kilipona kwa nje, lakini ndani ukuta wa tumbo haukushika. Baada ya muda pakatokea uvimbe kwenye lile kovu. Akiinua debe la viazi, unatoka. Akilala chali, unarudi. Henia. Hospitali wakamshona, akarudi shambani, uzi ukaachia. Tangu hapo akawa anatembea mkono mmoja ukiwa chini ya kitenge, ameshika tumbo. Mmewahi kuwaona akina mama wanaotembea hivyo? Mlidhani wanasikia baridi?

Daktari akamweleza wazi. "Mama, nyama ya hapa imechoka. Nikiivuta na kuishona tena, itachanika tena. Safari hii nataka kutandika wavu mwembamba ndani. Nyama yako itaota ikipenya kwenye matundu yake, na ukuta utashika."

"Huo wavu hauna madhara?"

"Wachache hutunga usaha, sikufichi. Lakini tukiacha hivi, siku moja utumbo utanasa humo na kukosa damu. Siku hiyo hatutakuwa na nafasi ya kuzungumza."

Akaenda kanisani kwake kuomba maombi. Mzee wa kanisa akakunja uso. "Mwanangu, mwili ni hekalu la Roho. Utaingizaje plastiki hekaluni? Subiri tufunge na kuomba. Tukipata amani, tutakuruhusu."

Akasubiri. Viazi vikavunwa, vikapandwa vingine. Uvimbe ukawa kama ngumi ya mtu mzima, na usiku analala amekaa. Akamrudia mzee.

"Baba, mmepata amani?"

"Bado, mwanangu."

"Na kile chuma walichokufunga mfupani ulipoanguka na pikipiki, tulikaa kikao kukiruhusu?"

"Ile ilikuwa ajali."

"Na mimi, baba, henia niliitafuta?"

Hakungoja jibu. Alikwenda hospitali bila mtu wa kanisani kumsindikiza. Wakamfungua, wakatandika wavu, wakamfunga. Kwa wiki kadhaa hakuruhusiwa kunyanyua hata ndoo, na aliyemtekea maji ni jirani ambaye hata kanisani haendi. Lakini ukuta ulishika.

Jumapili aliyorudi ibadani, wazee wakamwita mbele. Walitaka atubu mbele ya wote, kwamba amekosa imani. Atuganile akasimama, akawatazama.

"Natubu," akasema.

Wazee wakaitikia amina.

"Natubu kwa sababu nilichelewa. Nilimwomba Mungu, akanionyesha daktari. Mimi nikamwacha Mungu anangoja, nikakaa kusubiri ruhusa yenu."

Akarudi kuketi.

Sasa naona mnatabasamu, mnawacheka wazee wale. Msiwacheke. Wazee wale ni sisi. Yule binti anayepigwa na mumewe, nani alimwambia avumilie mpaka tukae kikao? Yule kijana anayekohoa damu, nani alimwambia dawa baadaye, kwanza mkesha? Maumivu ni ya kwake, na ruhusa iwe ya kwetu? Tuliipata wapi mamlaka hiyo? Mimi nimeitafuta katika kitabu hiki mkononi mwangu, sijaiona. Nimeona mtu akiponywa siku ya sabato, na wakubwa wa dini wakikasirika kwa sababu hawakuulizwa.

Tuombe, ndiyo. Tuombe tukiwa tumemshika mgonjwa mkono, tukielekea naye hospitali. Maombi yanayomfungia mtu mlango sitayaongoza mimi, na atakayeniita mbele kwa hilo, nitakuja.

Kwa hiyo kama umo humu ndani na unatungoja, usitungoje. Ondoka hata sasa, katikati ya mahubiri yangu. Na sisi tuliobaki tusinyanyuke kukuruhusu. Tunyanyuke tukupishe njia.