Kiboko Aliyeshibia Ng'ambo

Paukwa!

Pakawa!

Ala, sauti gani hiyo? Na nyinyi wakubwa huko nyuma itikieni, hadithi hii inawahusu kuliko watoto. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nimesikia. Hapo zamani za kale palikuwa na bonde lenye majani mazuri, na mto umepita katikati. Kiangazi mto ule ulikuwa mpole. Masika yakija, weee, haukuwa na adabu. Ulipanda, ukatapakaa, ukabeba viota, ukabeba na watoto. Kwa hiyo wanyama wa upande huu wakajenga tuta la udongo ukingoni, na kila mwaka kabla ya mvua walilijaza upya.

Nani ajaze kiasi gani? Palikuwa na desturi. Kila anayekula majani ya bonde alilala kifudifudi kwenye tope, pwaa, halafu akasimama. Tumbo lake liliacha shimo. Udongo wa kulijaza shimo lile ndio uliokuwa mchango wake, akaupeleka kwenye tuta. Nyati shimo lake kubwa, alipeleka mwingi. Digidigi shimo lake kama bakuli, alipeleka kidogo. Hakuna aliyeona ameonewa, kwa sababu tumbo halidanganyi.

Mwenyekiti wa kazi hiyo alikuwa Ngiri. Mnamjua Ngiri, anavyotembea mkia juu, kama mwenye cheo hata kabla hajapewa. Pango lake lilikuwa chini kabisa ya tuta, na mkewe alikuwa amejifungua watoto wanne. Tuta likivunjika, wa kwanza kufa maji ni watoto wa Ngiri. Alilijua hilo. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja: alipenda kuitwa "ndugu yangu" na wakubwa.

Na mkubwa wa bonde alikuwa Kiboko. Kila jioni alitoka majini, gu, gu, gu, akapanda tuta palepale, akashuka, akala mpaka bonde likabaki kipara. Kisha akarudi, gu, gu, gu, palepale. Kwa kupita huko tuta lilikuwa limebonyea.

Mwaka mmoja siku ya kulala kwenye tope ikafika. Wote wakalala, wote wakasimama. Kiboko akaja na mshauri wake Mbweha, ambaye majani hali kabisa, wala hakuna aliyejua anakula nini. Kiboko hakulala. Alichovya ncha ya mdomo kwenye tope, chubwi, akasimama kando.

Ngiri akauliza kwa unyenyekevu mwingi, je, na tumbo la Bwana Mkubwa?

Aliyejibu ni Mbweha. "Bwana Kiboko huku anatafuna tu. Kushiba anashibia ng'ambo. Tumbo lake makazi yake ni ng'ambo ya mto, na huko ndiko linakochangia. Huku mnamdai mdomo peke yake."

Wanyama wakatazamana. Tumbo lenyewe lilikuwa pale mbele yao, linanguruma. Nyati akataka kusema neno, Mbweha akamwahi: Bwana Kiboko akisumbuliwa atahama, na akihama, nani atawafungulia njia kwenye matete? Nani atayapa majani mbolea? Kisha Kiboko akamwekea Ngiri mguu begani, Ngiri akazama kwenye tope mpaka magotini, akaitwa ndugu yangu. Basi, kwisha habari yake. Akatangaza kwamba Kiboko amesamehewe, tena amepewa miaka kumi ya kupumzika, mradi tu asihame.

Lakini mto haukumsamehe mtu. Udongo uliopungua lazima utoke mahali. Ngiri akaupanga kwa wadogo: kila mmoja ajaze shimo lake mara mbili. Sungura akabeba. Kobe akabeba. Bi Digidigi, miguu yake kama njiti, akabeba mpaka ikatetemeka. Akamwambia Ngiri kwamba tuta limebonyea pale anapopita Kiboko, na udongo wa vibakuli vyao hautoshi kupaziba. Ngiri akamkaripia. Akamwambia ana wivu, na kwamba wavivu ndio wanaochungulia tumbo la mwenzao. Mnacheka? Mnao wa namna hiyo mtaani kwenu, msijifanye.

Masika yakaja. Mvua ikanyesha, ikanyesha, ikanyesha. Asubuhi moja mto ukapanda, ukatafuta pa kupita, ukapaona. Njia ya Kiboko. Shwaaa! Maji yakaingia moja kwa moja pangoni kwa Ngiri. Mkewe akatoka na watoto watatu. Ngiri akarudi ndani kumtafuta wa nne, akapapasa, akapapasa, hakugusa kitu. Maji yakamzoa, yakamsukuma, yakamtupa ng'ambo. Mchuma janga hula na wa kwao, ndivyo ilivyokuwa kwa Ngiri siku ile.

Alilala ukingoni analia. Wa kwanza kumwona alikuwa Kulungu, mwenyekiti wa huko ng'ambo, naye amelowa, naye analia. Tuta lao pia lilikuwa limepasuka. Ngiri, na kilio chake chote, akashangaa. Akauliza imekuwaje, ilhali wao ndio wanaopokea mchango wa Kiboko.

"Mchango upi?" akasema Kulungu. "Kiboko huku anatafuna tu. Alituambia anashibia kwenu."

Ngiri aliona aibu hata mkia ukashuka, mara ya kwanza tangu azaliwe.

Maji yalipopungua, pande mbili zikakutana, zikakubaliana neno moja: anayekula, alale palepale anapokula. Huku au ng'ambo, kipimo ni kilekile. Kiboko akaitwa. Mbweha akasafisha koo, akaanza ule wimbo wake wa kuhama.

Ngiri akamkatiza. Akamgeukia Kiboko. "Bwana Kiboko, nilikubembeleza usihame, na mto ukanichukulia mwanangu. Sasa hama."

Kiboko hakuamini masikio yake, yale madogo. Akahama kwa hasira, gu, gu, gu. Akaenda ng'ambo, wakamwambia karibu, lala kwanza. Akapanda juu ya mto, na huko walishasikia, wakamwambia karibu, lala kwanza. Akateremka chini ya mto, akakuta mawe na mchanga. Majani ya bonde hayakuhama naye. Mbweha alipoona mbavu za bosi zinaanza kuhesabika, akaaga, akaenda kumshauri Mamba.

Kiboko akarudi amenywea. Akalala kwenye tope, pwaaa. Aliposimama, wote walisogea kuchungulia, na hakuna aliyecheka. Nyati angeweza kulala mle ndani na jamaa zake wote. Kiboko mwenyewe akalitazama shimo lake, akaanza kunung'unika. "Hili lote nijaze mimi? Mnanionea. Shimo hili ni kubwa mno."

Bi Digidigi akamjibu taratibu. "Ni kubwa, Bwana, tunalijua. Ndilo tulilokuwa tunalijaza sisi."

Kiboko akainama, akaanza kubeba udongo.

Basi wanangu, na nyinyi wakubwa mnaojidai mnasinzia, mafunzo ni haya. Anayekula zaidi na achange zaidi, tena achange pale anapokula. Mkubwa asipotoa, mchango wake haufutiki, bali mdogo ndiye anayeulipa. Na anayewatisha kuhama, mwulizeni kwanza majani atayapata wapi.

Hadithi yangu imeishia hapo. Utamu wake chukueni, uchungu wake niachieni mimi.