Wimbo Uliofungwa Kamba

Hapo zamani, masultani walipokuwa wakipanda punda na punda wakiwa na akili zao, palikuwa na mji uitwao Mkunguni, na mtawala wake Sultani Zahiri. Sikukuu moja alipanda punda mweupe, baragumu zikilia mbele, watu wamejaa nyuma njia nzima. Punda akafika penye shimo la chokaa, akaona safari imetosha, akasimama. Sultani hakusimama. Alitolewa shimoni mweupe kuanzia kilemba hata viatu, kama andazi lisilokaangwa.

Kabla ya adhuhuri wimbo umekwisha kutungwa. Na haukuwa wimbo wa kubembelezea mtoto. Ulikuwa na zumari, na matari, na matoazi, na msondo, ile ngoma ndefu ya kupigwa mtu amesimama. Ukianza polepole kama maziko ya mfalme, kisha ukipanda, ukipanda, hata waitikiaji wote wakipasuka kwa pamoja: "Kapanda kwa baragumu, kashuka kwa chokaa!" Kasoro yake ilikuwa moja tu, hapana aliyejua namna ya kuumaliza. Watu waliuimba mpaka wakachoka, wakaenda kupika.

Askari wakamkamata Faki mpiga zumari, kwa kuwa zumari haifichiki. Faki alikuwa mvivu na alikoroma, lakini mkewe Mize hakuwa na mume mwingine, wala hakuwa na nguvu za kumfundisha mpya. Basi akajitanda ushungi wake uliotoboka, akaenda kumwombea.

Sultani akamwambia, "Sikiza, bibi. Wimbo ule nautaka hapa mbele yangu Ijumaa asubuhi, umefungwa kamba, mzima, kisibaki kipande mjini. Usipouleta, mumeo ataimeza zumari yake."

"Aimeze kwa upande upi, Bwana wangu?"

"Upande mpana."

"Basi hapo pana kazi," Mize akasema, akainama. "Nami nikiukuta wimbo popote, niufunge?"

"Popote."

"Ukiwa umo ndani ya mtu?"

"Mfunge na mtu mwenyewe. Awe kadhi, awe nani, nisisikie kwamba umechagua."

Mize akamgeukia waziri. "Umesikia, Bwana Waziri?" Waziri akasema amesikia, maana hiyo ndiyo kazi aliyolishwa kwayo.

Ikawa mji wote kumcheka Mize, wakimwambia akitoka huko akafunge na moshi. Yeye akaazima kamba za kisimani, akaketi pale pale kisimani, akangoja. Mtu akija kuteka maji hucheka kwanza, akisha kucheka huanza kuvumisha wimbo puani, na akivumisha tu, kamba kiunoni. Akafunga matari na wapigaji wake, akafunga msondo na baba yake msondo. Kisha akamwendea kadhi nyumbani kwake, akamkuta anamumunya tende na wimbo pamoja, akamfunga na tende yake. Nani angekataa? Kukataa ni kuikataa amri ya Sultani, na tena wengine walitaka sana kuona ikulu ndani kukoje.

Ijumaa asubuhi mkia ule wa watu ukaingia barazani, msondo ukasimamishwa mbele ya kiti. Sultani akatazama, akakunja uso.

"Naona watu na ngoma. Wimbo uko wapi?"

"Umo humo ndani, Bwana. Sikuufungua, nisije nikaumwaga njiani. Upime mwenyewe ujue kama ni mzima. Ila zumari iko gerezani, na bila zumari utasema nimekuletea nusu."

Basi Faki akaletwa, macho yamemvimba kwa usingizi. Wakaanza. Zumari ikalia peke yake, matari yakaingia chini chini, msondo ukatingisha mapazia, matoazi yakachachamaa. Mize hakuwatazama wapigaji. Alitazama mguu wa Sultani. Mguu ukaanza kugonga zulia. Kidole kikafuata, kikagonga mkono wa kiti. Wiki nzima maskini alikuwa akiusikia dirishani. Waitikiaji walipofika pale pa kupasuka, midomo yake nayo ikafunguka, akaimba kuliko kadhi: "Kashuka kwa chokaa!"

Mize akainama upesi, akamfunga kifundo cha mguu kwenye kiti.

"Kipande cha mwisho, Bwana. Hakikuwa mjini, kilikuwa humu."

Sultani akainuka kwa ghadhabu. Kiti hakikuinuka. Akaenda mzima mzima, akaangukia msondo kwa tumbo: *dumm!*

Wapigaji wakayashika matoazi yasinong'one.

Mize akasema taratibu, "Huo ndio mwisho wake. Tulikuwa tukiutafuta."

Sultani, bado yuko juu ya ngoma, akaanza kutikisika, watu wakadhani analia. Kumbe anacheka, anacheka hata kilemba kikamtoka. Waziri alipoona kucheka kuna salama, akacheka naye. Basi Faki akafunguliwa na zumari yake haijamezwa na mtu, wimbo ukapewa ruhusa mradi umalizwe vile vile kwa dumm, na Mize akapewa punda mweupe, kwa kuwa Sultani hakutaka kuonana na punda huyo tena.

Wakarudi nyumbani, Mize juu ya punda, Faki kwa miguu.

Nami hekaya yangu imesimama hapa kama punda yule. Asiyetaka kusimama, na aanguke peke yake.